Mashine za Baba Igihozo

Fundi Bizumuremyi alikuwa na vidole tisa na nusu, na ile nusu ndiyo aliyojivunia kuliko vyote. Wateja waliokuja kuulizia mageti aliwainulia kidole cha shahada kilichokatikia kwenye fundo la kati, akawaambia, "Bon, diploma yangu ni hii. Bengine banasoma kwa kitabu, mi nilisoma kwa mashine." Wateja walicheka, wakaondoka wakiamini kwamba mtu aliyekwisha kukatwa na mashine hawezi kukatwa tena. Mkewe Cansilde, ambaye ndiye aliyekiokota kile kipande cha kidole na kukifunga kwenye kitambaa, hakuwahi kuona kichekesho kiko wapi.

Karakana ilikuwa uani kwao, mtaa wa juu wa Gisenyi, juu ya mawe meusi ambayo hata kuku hawayapendi. Mashine zilikuwa tatu: ya kuchomelea, ya kutoboa chuma iliyosimama juu ya meza na mkanda wake umelegea tangu mwaka juzi, na grainda ya kukatia. Grainda haikuwa na kinga. Kile kipande cha bati gumu kinachofunika nusu ya diski fundi alikifungua siku ya pili tu baada ya kuinunua, kwa sababu kilimzuia kufunga diski kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine kubwa. Diski kubwa hukata upesi. Hupasuka upesi pia, lakini hilo fundi alilihesabu kuwa ni mambo ya Mungu. Miwani ya kukinga macho, aliyopewa bure kwenye semina, ilikaa ndani ya kabati la vioo sebuleni, bado kwenye mfuko wake, kati ya glasi za harusi na picha ya ubatizo wa binti yao. Ilikuwa nzuri mno kuchafuliwa na kazi.

Nyumbani walisema Kinyarwanda. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya wateja na ya ugomvi. Cansilde alikuja nacho kutoka Karagwe alikozaliwa, na mumewe alikuja nacho kutoka Goma alikofanya kazi ujanani. Kwa hiyo siku ile barua ilipofika na binti yao Igihozo akaisoma kwa sauti, walipoanza kuijadili kwa Kiswahili msichana alijua kumekucha, akachukua daftari zake akaenda kusomea kwa jirani.

Barua ilisema hivi: karakana zote zilizo kwenye makazi ya watu zifungwe mwisho wa mwezi. Kila fundi anayetaka chumba katika jengo jipya la mafundi atatembelewa, mashine zake zitakaguliwa, naye atatazamwa akizitumia. Atakayeshindwa hatapata chumba, na hatatembelewa tena mpaka mwaka ujao.

"Mi nikaguliwe?" alisema Bizumuremyi. "Nani atanikagua? Yeye amekata chuma ngapi?"

"Hata kama hajakata hata msumari, Baba Igihozo, yeye ndiye mwenye kalamu," alisema Cansilde.

Jioni Nkusi alipita kuwapa pole ambayo hakuna aliyeiomba. Nkusi alifundishwa kuchomelea hapohapo uani, na mtu aliyemfundisha alikuwa Bizumuremyi. Barua yake ilimfikia mapema, na sasa alikuwa amekwisha kupita ukaguzi, na ufunguo wa chumba namba nne ulikuwa unaning'inia kwenye kidole chake, akiuzungusha hata pale ambapo hakukuwa na haja.

"Usiogope, patron," alisema. "Ukianguka, kwangu kazi iko. Utakuwa unanipigia msasa tu, na kupaka rangi. Kazi nyepesi, ya muzee."

Bizumuremyi alicheka sana. Cansilde aliyekuwa anachambua maharage alimjua mume wake, akajua kicheko kile kina nini ndani. Aliogopa. Mtu anayejivunia kidole kilichokatika hawezi kupaka rangi geti la mwanafunzi wake. Angekwenda siku mbili, ya tatu angeamkia baa, na huko baa ndiko angezeekea. Chumba kile kilikuwa lazima kipatikane.

*

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bizumuremyi hakulijua, nalo lilikuwa na umri wa miaka minane.

Mwaka ule grainda ilizima ghafla wakati yeye yuko msibani Busasamana, na geti la mtu linangojewa. Cansilde aliifunga kwenye kitenge akaipeleka kwa Kadiri, fundi umeme wa karibu na msikiti. Kadiri aliifungua, akatoa vipande viwili vidogo vyeusi, akamwonyesha. Ni kaboni, alisema, ndizo zinazopeleka umeme ndani ya mota, na huisha taratibu kama penseli. Aliweka mpya, mashine ikanguruma. Mara ya tatu alipomwona mama yuleyule na kitenge kilekile, alikataa kuipokea.

"Dada, mi nachoka kukula pesa yako kwa kazi ya dakika kumi," alisema. "Vuta kiti. Leo utafungua we mwenyewe, mi nitaangalia."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya pili, mume akiwa kwenye mpira, Cansilde alifungua grainda, akapuliza vumbi la chuma lililojaa kwenye matundu ya hewa, akapima kaboni kwa ukucha, akaupitisha waya wote mkononi kutafuta palipochubuka. Waya wenyewe alikwisha kuubadilisha mara mbili. Mkanda wa mashine ya kutoboa tu ndio uliomshinda, maana nati zake zilihitaji spana kubwa ambayo mumewe alitembea nayo mfukoni.

Na Bizumuremyi? Yeye aliwaambia watu, "Mashine ya Nkusi inakufa kila mwaka. Yangu haikufe. Inajua mukono ya mwenyewe." Akaongeza kwamba siri ni kutoiruhusu iguswe na mwanamke, kwa sababu mwanamke akiigusa inapoteza nguvu. Cansilde alikuwa anasikia akiwa jikoni. Mwanzoni alinyamaza kwa kumwonea huruma, baadaye kwa kumwogopa, na mwishowe kwa mazoea tu, maana uongo uliozoeleka hauumi kila siku.

*

Ukaguzi ulipangwa Alhamisi. Jumatano nzima ilikuwa ya kutafuta usalama, ambao haukuwahi kuishi nyumba ile.

Miwani ilitolewa kabatini kwa heshima zote. Buti ziliazimwa kwa Sano, mwanajeshi wa nyumba ya tatu, zikamzidi Bizumuremyi namba mbili, wakazijaza magazeti. Aproni ya ngozi waliipata kwa muuza nyama. Kinga ya grainda ndiyo iliyowasumbua, mpaka Cansilde alipoikuta chini ya mlango wa choo, ikiuzuia usipigwe na upepo wa ziwani. Aliisugua kwa majivu na limau.

"Itanuka mbele ya ingénieur," alilalamika mumewe.

"Inuke. Ilinde mkono kwanza, harufu tutaijibia baadaye."

Mumewe aliifunga kinga kwa shingo upande, na hapo diski zake kubwa zote zikakataa kuingia. Cansilde alimletea diski ndogo tatu alizozinunua asubuhi, akasema amezipata kwa bei ya hasara. Fundi aliziangalia kama vidonge vya mtoto.

Likabaki suala la mavazi, na hapo hawakugombana hata kidogo. Wote wawili walilelewa kujua kwamba mgeni wa serikali hapokelewi na nguo za kazi. Ukiitwa ofisini unaoga, ukienda kusaini karatasi unavaa viatu vilivyofungwa, na mtu mkubwa akija kwako ndiyo zaidi. Basi alfajiri ya Alhamisi Cansilde alipiga pasi shati jeupe, akatoa tai nyekundu iliyovaliwa mara ya mwisho kwenye harusi ya shemeji. Yeye mwenyewe alifunga fundo, akalikaza, akairefusha mpaka ikagusa mkanda wa suruali. Alirudi nyuma hatua moja kumtazama: tai, aproni ya mchinjaji juu ya suruali ya suti, buti za jeshi. Alicheka mpaka akashika ukuta, na akampenda pia, kama zamani.

Tai ilikataa kukaa chini ya aproni, fundo lilikuwa linakunjika. Akaitoa ikalala juu.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Gwiza, injinia aliyekulia Kampala. Alikuja kwa miguu, na buti zake zilikuwa za namba yake. Bizumuremyi alikuwa amejiandaa kumpokea mwanamume mwenye tumbo. Hotuba yake ya salamu ikakosa pa kuanzia.

"Karibu, madame... euh, ingénieur. Hapa ni kwetu. Kazi iko muzuri, usalama iko muzuri, mambo yote iko muzuri."

"Asante, mzee. Tutaona," alisema Gwiza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kifupi na bila mapambo. "Usianze kitu. Mimi nasema anza, ndiyo unaanza. Okay?"

"Okay."

Nje ya uzio wa mianzi vichwa vilikuwa vimekwisha kujipanga. Cha Nkusi kilikuwa cha kwanza, na ufunguo wake. Gwiza alizunguka akitazama waya, akaandika. Alipoinua macho kumtazama fundi, aliona tai. Alifungua mdomo kusema neno, na simu yake ikalia. Ilikuwa ya ofisini, akainua kidole kuomba wamsubiri, akageukia ukuta.

Bizumuremyi aliona macho ya Nkusi. Aliona mkaguzi amempa mgongo, akadhani anadharauliwa. Akawaza kwamba chuma kikianza kulia yule dada atageuka mwenyewe na kuona mtu anayejua kazi. Akawasha mashine ya kutoboa, akainama kuangalia alama kwenye bati.

Cansilde aliiona tai ikining'inia kabla mumewe hajaihisi. Alijua mashine inayozunguka haichagui, ingekula nywele, mkono wa shati, chochote kilicholegea. Kwa miaka minane alifunga kilemba kabla ya kuigusa, na asubuhi ileile mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoikaza tai shingoni mwa mume wake. Alipiga kelele. Keke, kile chuma kinachozunguka na kutoboa, iliikamata ncha ya tai, ikaisokota mara moja, mara mbili, na kichwa cha Bizumuremyi kikaenda chini kwa haraka ya mtu anayesalimia mfalme.

Kilichomwokoa kilikuwa uvivu wake. Mkanda uliokuwa haujakazwa tangu mwaka juzi uliteleza ukapiga yowe, moshi wa mpira ukatoka, na mashine ikawa inamvuta kwa nusu ya nguvu zake. Kidevu kilibaki vidole viwili kutoka kwenye keke. Mikono yake ilipapasa meza ikiangusha nyundo, misumari na miwani ambayo alikuwa hajaivaa. Cansilde aliuruka mtungi wa maji, akaushika waya kwa plagi akauchomoa ukutani, kisha akachukua mkasi wa kukatia bati akaikata tai chini ya fundo.

Bizumuremyi alikaa chini kwenye mawe. Uso ulikuwa wa rangi ya nyanya iliyopitiliza. Alifungua mdomo aseme kitu, na kwa mara ya kwanza tangu Cansilde amjue, hakuna kilichotoka.

"Ee Mungu wangu," alisema Nkusi nje ya uzio. Halafu akacheka, kwa sababu hakuweza kujizuia, na wengine wakamfuata.

*

Gwiza alipiga magoti akamtazama shingo, akamwambia avute pumzi, ameze mate, ahesabu kwa vidole. Alihesabu tisa na nusu. Akamwambia ataenda kituo cha afya hata kama hataki, na Sano, aliyekuwa uzioni na wengine, akaenda kutafuta pikipiki. Kisha injinia alisimama, akafungua karatasi yake, akatafuta mahali pa kuandika neno ambalo kila mtu uani alilijua.

"Subiri kidogo, mama yangu," alisema Cansilde. "Nakuomba. Hujaangalia grainda."

"Mama, mzee nusura afe."

"Nimeona. Tai nimeifunga mimi, na hilo nitalijibu kwa Mungu. Lakini umekuja kukagua mashine. Kagua basi."

Gwiza alishusha pumzi, akaichukua grainda. Aliigeuza, akachungulia matundu, akaupitisha waya mkononi. Alitoa bisibisi ndogo mfukoni akafungua kifuniko cha ubavuni, akatoa kaboni moja akaiinua kwenye mwanga.

"Hii safi," alisema. "Safi sana. Nani anaitunza?"

Bizumuremyi, akiwa chini, alijipiga kifuani.

"Kaboni ilibadilishwa lini?"

Alifikiri, akainua vidole vitatu. Gwiza akasubiri kujua ni vitatu vya nini. Siku? Miaka? Bizumuremyi alitazama vidole vyake mwenyewe kana kwamba vingemnong'oneza. Ukweli ni kwamba kaboni ile alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Cansilde alijua kwamba akinyamaza chumba kimekwenda, na akisema, mume wake amekwenda pamoja na yote aliyokuwa akiwaambia watu. Aliangalia uzio ulivyojaa. Angeomba wakaongelee ndani, lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Mwezi wa nne, wiki ya pili," alisema. "Zile za kabla yake zilidumu miezi saba, kwa sababu tulikuwa na kazi nyingi ya mageti kule Nyamyumba. Waya niliubadilisha mwaka jana. Mkanda wa ile nyingine sikuukaza, spana sina."

Bizumuremyi alimgeukia mkewe polepole, maana shingo haikumruhusu kugeuka haraka.

"Ni wewe?" aliuliza Gwiza.

"Ni mimi."

"Nionyeshe."

Cansilde alifunga kilemba upya, akachomeka ncha ndani. Alikunja mikono ya blauzi juu ya viwiko. Aliokota miwani kwenye mawe, akaifuta, akaivaa. Aproni aliivua mwilini mwa mumewe kwa upole, kama anayemvua mtoto aliyesinzia. Alisoma maandishi ya diski, tarehe na mwendo wake, akatikisa kinga kuona imekaza, akaibana nondo kwenye jiliwa. Alisimama pembeni ya njia ya cheche, miguu imetengana, mikono yote miwili kwenye mashine, akaiacha izunguke bure kwanza, akasikiliza. Ndipo akakata. Cheche zilikwenda zilikoelekezwa, na nondo ikaanguka vipande viwili.

Gwiza aliokota kipande kimoja akakitazama.

"Umekata upande," alisema.

"Najua. Sijazoea. Kazi ya kunyoosha ni ya mume wangu. Hakuna mtu mjini hapa anayekata kama yeye, hata huyo anayecheka hapo nje."

"Kukata upande tunafundisha. Kidole hakioti." Gwiza alirudi kwenye karatasi, akaipiga mstari katikati, akaandika upya juu ya goti lake. "Sikilizeni. Mzee peke yake, sipitishi. Leo wala mwaka ujao. Chumba kinatoka kwa jina la mama. Yeye ni mwenye dhamana ya mashine: yeye anasema iwashwe, yeye anasema izimwe. Chini kuna mstari wa pili, wa msaidizi. Mzee akitaka, anasaini hapo. Hataki, mama atafute msaidizi mwingine. Na tai sitaki kuiona."

"Chukua Nkusi!" alipiga kelele mtu nje ya uzio, na safari hii Nkusi ndiye aliyechekwa.

Karatasi iliwekwa juu ya meza ya mashine, juu ya uzi mwekundu uliobaki. Cansilde alisaini kwanza, kwa mwandiko wa shule ya msingi ya Karagwe, herufi kubwa zilizosimama wima. Alitaka kufurahi, lakini alipomtazama yule mtu aliyekaa kwenye mawe na buti zisizo zake, na kipande cha tai shingoni, aliona aibu kana kwamba amemvua nguo hadharani. Miaka minane angeweza kumwambia wakiwa wawili tu, hata kwa utani. Hakumwambia.

Pikipiki ililia mlangoni. Sano aliingia, akaona watu walivyokaa, akasimama palepale.

Bizumuremyi aliinuka kwa kushika mguu wa meza. Alimtazama Nkusi, kisha karatasi. Kalamu aliishika kati ya kidole gumba na ile nusu aliyojivunia, akaandika jina lake lote kwenye mstari wa pili, na kwa kuwa ni jina refu na mstari ulikuwa mfupi, herufi za mwisho zilipanda pembezoni. Gwiza alikunja karatasi, akaaga, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Cansilde alimshika mumewe kiwiko ampeleke kwenye pikipiki. Hakwenda. Alimeza mate mara mbili, kwa maumivu, akainamisha kichwa mpaka karibu na kilemba chake, na sauti ikatoka imekwaruzika, ndogo, ya kumfikia yeye tu.

"Donc, Mama Igihozo... utakuwa unanilipa?"

"Nitakulipa kama ulivyokuwa ukinilipa mimi."

Mlangoni Sano alikuwa akisubiri na pikipiki ikinguruma bure. Bizumuremyi akainama, taratibu kwa ajili ya shingo, akaanza kuukunja waya wa grainda, kazi ya msaidizi.